Kichomi cha Ndama Hakianzi Mapafuni

Masika yanapoingia katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, wafugaji hupata habari za namna mbili. Ya kwanza ni njema: majani yameota, ng'ombe wameshiba, maziwa yameongezeka. Ya pili huja wiki chache baadaye, nayo hutoka katika banda la ndama. Ndama aliyekuwa akirukaruka jana asubuhi amesimama pembeni peke yake, masikio yamelegea, kamasi zinamtoka puani, na mbavu zapanda na kushuka kwa haraka. Mfugaji humwita bwana mifugo, au humtuma mtoto dukani akanunue dawa. Sindano hupigwa. Baada ya siku tatu au nne ndama hupona akabaki amedumaa, au hufa. Na katika daftari la shamba, kama daftari lipo, huandikwa neno moja tu: kichomi.

Neno hilo moja limekuwa kama jamvi la kufunikia taka. Chini yake kuna magonjwa mbalimbali, makosa mbalimbali, na uzembe mwingi ambao hautajwi. Yafaa isemwe waziwazi kwamba vita dhidi ya kichomi cha ndama katika wilaya hizi hupiganwa mahali pasipo. Fedha na matumaini ya wafugaji vimeelekezwa kwenye sindano, ilhali ugonjwa wenyewe aghalabu umekwisha kupata nafasi yake katika siku ya kwanza ya maisha ya ndama, na umekwisha kulelewa na banda analolala. Sindano huja nyuma, kama mtu anayefika msibani akiwa amebeba dawa.

Hasara inayozungumzwa hapa si ndogo. Tangu miaka ya 1980, mkoa wa Tanga umekuwa miongoni mwa mikoa inayosifika nchini kwa ufugaji mdogomdogo wa ng'ombe wa maziwa. Mradi ulioendeshwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Uholanzi uliwawezesha wananchi wengi wasio na mtaji kupata mitamba chotara, na shamba la serikali la Mruazi, wilayani Korogwe, lilikuwa mahali pa kuzalishia mitamba ya namna hiyo. Katika mipango ya kukopa ng'ombe na kulipa ng'ombe, fedha haihusiki: aliyepewa mtamba hurudisha ndama jike, naye ndama huyo hupelekwa kwa jirani anayengoja zamu yake. Hesabu yake mwanafunzi anaweza kuifanya ubaoni. Tuseme ng'ombe huzaa kila baada ya miezi 15, na nusu ya ndama wanaozaliwa ni madume. Basi kwa wastani huhitajika miezi 30 kumpata jike mmoja. Ndama jike akifa kwa kichomi akiwa na wiki sita, deni linabaki palepale, jirani anangoja miezi mingine 30, na mnyororo mzima wa wanaongoja unasimama. Kifo cha ndama mmoja hugusa nyumba tatu au nne.

Kwa upande wa ng'ombe wa nyama hali ni tofauti kidogo. Handeni ni nchi ya mbuga na vichaka, yenye malisho mapana; huko kuna ranchi ya taifa ya Mzeri, na kuna wafugaji Wazigua na Waparakuyo wenye makundi ya zebu. Ndama wa zebu hunyonya mama yake na hutembea naye mapema, kwa hiyo huepuka baadhi ya matatizo yanayompata ndama chotara aliyefungiwa katika banda dogo nyuma ya nyumba, akinyweshwa maziwa kwa ndoo. Hata hivyo zebu naye hufa kwa maradhi ya kifua, na mara nyingi hakuna anayejua yalikuwa maradhi gani.

Jina moja, magonjwa matatu

Lugha yenyewe inachangia kuleta mkanganyiko. Mtu akisema kwamba ndama wake ana "homa ya mapafu", afisa mifugo husikia jambo moja, na jirani husikia jingine. Kitaalamu, homa ya mapafu ya ng'ombe ni ugonjwa wa mlipuko unaoletwa na vimelea vya jamii ya maikoplazima. Tanzania iliumaliza ugonjwa huo katika miaka ya 1960, ikakaa salama kwa muda wa robo karne hivi, kisha mwaka 1990 ukaingia tena kutoka kaskazini na kusambaa katika mikoa mingi pamoja na mifugo iliyohamahama. Chanjo yake, iitwayo T1/44, ina asili ya hapahapa nchini: ilitengenezwa kutokana na vimelea vilivyopatikana Tanganyika mwaka 1951, vikapitishwa mara 44 katika mayai ya kuku hadi vikapoteza ukali. Ni chanjo inayostahili heshima. Lakini haimkingi ndama na kichomi cha kawaida, kwa kuwa kichomi cha kawaida huletwa na vimelea vingine kabisa. Mfugaji anayesikia kwamba ng'ombe wake wamechanjwa "homa ya mapafu", akaenda zake akiamini kwamba ndama wake wamekingwa dhidi ya kila kikohozi, amedanganywa na jina. Ajabu zaidi ni kwamba ndama wa chini ya miezi sita, wanapopatwa na homa ya mapafu hiyo ya mlipuko, mara nyingi huonyesha uvimbe wa viungo vya miguu kuliko dalili za kifua.

Ugonjwa wa pili unaojificha chini ya jina la kichomi ni ndigana kali. Huu huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Kijidudu hiki huingia katika chembe nyeupe za damu na kuzifanya ziongezeke ovyo ovyo. Mwishoni mapafu hujaa maji, ndama huhema kwa shida, na povu humtoka puani. Asiyejua huona povu na kuhema, akasema: kichomi. Kosa la kuchanganya magonjwa si la wakulima peke yao. Daktari Robert Koch wa Ujerumani, yule aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alivitazama vijidudu hivi kwa hadubini Dar es Salaam mnamo 1897, katika damu ya ng'ombe, akadhani ni hatua changa ya ugonjwa mwingine wa kupe. Ilichukua miaka kadhaa kabla Arnold Theiler, huko Afrika Kusini, hajathibitisha kwamba ni ugonjwa wa peke yake. Ikiwa Koch alikosea akiwa na hadubini mezani, mfugaji wa Kwamatuku asiye na kitu ila macho yake hawezi kulaumiwa.

Lakini kosa hilo lina gharama. Dawa inayopendwa na kila duka la pembejeo ni oksitetrasaiklini. Kwa vichomi vingi vya bakteria inaweza kusaidia ikitolewa mapema na kwa kipimo kamili. Kwa ndigana kali iliyokwisha kupamba haisaidii. Huo una dawa yake, buparvakwoni, nayo hufanya kazi vizuri ikiwahi. Siku mbili zinazopotea kwa kumdunga ndama dawa isiyofaa ndizo siku mbili ambazo angeweza kuokolewa. Dalili ya kutofautisha haihitaji maabara: mfugaji apapase chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zikiwa zimevimba kama limau, na homa ikiwa juu, afikirie ndigana kali kabla ya kitu kingine chochote. Inasikitisha kwamba kijana anaweza kumaliza kidato cha nne akijua kuchora mzunguko wa maisha ya malaria, lakini asijue kupapasa tezi za ndama wa baba yake.

Baada ya kuyatenga hayo mawili, ndipo kinabaki kichomi chenyewe.

Adui aliyekuwa ndani ya nyumba

Watu wengi huamini kwamba kichomi huletwa na baridi, kama vile baridi yenyewe ingekuwa mdudu. Wengine huamini kwamba vijidudu huingia kutoka nje, kama mwizi avunjavyo mlango. Ukweli ni mgumu zaidi, na una mafunzo mengi zaidi kwa mwanafunzi wa elimu ya viumbe. Bakteria wanaohusika sana, yaani wale wa jamii ya Pasteurella na jamaa yake Mannheimia, huishi puani na kooni mwa ndama wengi walio wazima kabisa. Hawamdhuru. Ukuta wa koo na bomba la hewa umefunikwa kwa ute, na chini ya ute huo kuna vijinywele vidogo mno vinavyopiga mapigo kuelekea juu, vikisukuma uchafu na vijidudu vitoke mapafuni. Ndani kabisa ya vifuko vya hewa kuna chembe walinzi zinazomeza kile kilichopenya. Maadamu ulinzi huu unafanya kazi, bakteria hubaki kooni. Ulinzi ukilegea, wao hushuka.

Ulinzi hulegezwa na mambo ya kila siku: virusi vya mafua ya ng'ombe, safari ndefu juu ya lori, njaa, kulowa mvua usiku kucha, vumbi, na zaidi ya yote hewa chafu ya banda. Tena ng'ombe kwa umbile lake ana mapafu madogo akilinganishwa na ukubwa wa mwili wake, kwa hiyo hana akiba kubwa; sehemu ndogo ya pafu ikiharibika, mnyama mzima hutaabika. Ndiyo maana husemwa hapa kwamba kichomi hakianzi mapafuni. Mapafuni ndiko kinakoishia.

Kuna sehemu moja ya ulinzi ambayo ndama hazaliwi nayo. Mtoto wa binadamu hupokea chembe za kinga kutoka kwa mama yake angali tumboni, kupitia kondo la nyuma. Kondo la ng'ombe limejengwa vingine, nalo halipitishi chembe hizo. Ndama huzaliwa akiwa mtupu, bila kinga ya mama hata kidogo. Kinga yake yote ya mwanzo imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Utumbo wa ndama aliyezaliwa sasa hivi huruhusu protini za kinga zipite nzimanzima hadi kwenye damu. Lakini mlango huo huanza kufungwa mara tu baada ya kuzaliwa. Katika saa sita za kwanza umefunguka vizuri. Baada ya saa 24 umefungwa. Dang'a anayopewa ndama siku ya pili ni chakula kizuri, lakini kama kinga ya damu imekwisha kuchelewa.

Hapa ndipo mazoea yanapopaswa kukosolewa bila woga. Wapo wafugaji wanaongoja kondo la nyuma litoke kwanza ndipo ndama aruhusiwe kunyonya. Wapo wanaoikamua dang'a ya kwanza na kuimwaga kwa kuwa rangi yake inawatia shaka. Na wapo, hasa wenye ng'ombe wa maziwa, ambao ndama wao akizaliwa saa nane za usiku huangaliwa saa moja asubuhi, na kufikia hapo saa tano za thamani zimepita. Ndama wa kilo 30 anahitaji lita tatu hivi za dang'a katika saa za kwanza. Asiyeweza kusimama akaifikia chuchu, akamuliwe na anyweshwe. Ng'ombe mjamzito naye aachwe kukamuliwa kwa miezi miwili kabla ya kuzaa, kwani dang'a hutengenezwa katika muda huo wa mapumziko. Tena awe amekaa shambani hapo kwa wiki kadhaa. Mtamba anayenunuliwa Korogwe na kusafirishwa hadi Handeni akiwa amebakiza siku tano kuzaa, huleta dang'a yenye kinga dhidi ya vijidudu vya Korogwe. Vya Handeni huenda asivijue.

Kinga ya dang'a haidumu. Hupungua kwa nusu katika kila wiki tatu hivi, wakati ndama mwenyewe anaanza kujijengea yake polepole. Kati ya kinga inayokwisha na kinga inayoanza kuna bonde, na ndama wengi hutumbukia humo kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu. Bahati mbaya, huo ndio wakati ambapo mfugaji humpunguzia maziwa ili auze zaidi. Ng'ombe anayetoa lita nane kwa siku hutoa lita 720 kwa siku 90. Ndama akipewa lita tatu kila siku, hula lita 270. Mwenye karo ya shule ya kulipa na gari la maziwa linalopita barabarani kila asubuhi huziona lita hizo 270 kama fedha inayomwagwa. Hoja yake si ya kipumbavu, na wataalamu wanaomhubiria bila kuitazama karo hiyo hawamsaidii. Lakini hesabu yake ina upande mmoja. Ndama anayekatwa maziwa katika bonde lile hupungukiwa nguvu ya kutengeneza kinga, akaugua, akanunuliwa dawa, akadumaa, na akachelewa kushika mimba kwa miezi mingi. Lita zilizouzwa hulipwa baadaye, tena kwa riba.

Banda la Korogwe na banda la Vugiri

Jambo linalostahili ubishi mkubwa zaidi ni ujenzi wa mabanda. Katika miaka mingi ya kuhimiza ufugaji bora, umejengeka mtindo wa kudhani kwamba banda la kisasa ni banda lenye kuta. Mfugaji akipata fedha kidogo hujenga kwa matofali hadi juu, akaweka mlango na kidirisha kimoja, na kila mgeni anayepita humsifu. Umbo hilo limeazimwa kutoka nchi za theluji. Kulileta katika tambarare ya Korogwe, ambako mji wenyewe uko mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari na joto huutesa hata usiku, ni kumjengea ndama tanuri.

Kilichomo ndani ya tanuri hilo si joto tu. Mkojo wa ndama una yurea, nayo huvunjwa na bakteria wa sakafuni ikawa amonia. Gesi hiyo huwasha macho na hulemaza vile vijinywele vya bomba la hewa vilivyotajwa. Mwanafunzi hodari wa kemia atauliza: je, amonia si nyepesi kuliko hewa, na si itapanda juu na kutoka? Swali ni zuri. Ndiyo, ni nyepesi. Lakini hutoka sakafuni bila kukoma, na penye hewa iliyotulia huwa nzito zaidi karibu na chanzo chake. Ndama hulala sehemu kubwa ya siku, pua yake ikiwa sentimita chache kutoka sakafuni. Mtu mzima aliyesimama mlangoni anavuta hewa nyingine. Ndiyo maana mkaguzi wa banda asiyepiga magoti hajakagua kitu.

Shule zenye mifugo, na zilikuwa nyingi baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, zina nafasi nzuri ya kulichunguza jambo hili kwa vifaa vilivyomo kabatini. Karatasi nyekundu ya litimasi ilowekwe maji na kuning'inizwa alfajiri katika kimo cha pua ya ndama aliyelala, kabla banda halijafunguliwa. Ikigeuka buluu, amonia ipo. Kisha kipande cha kamba ya katani, ambayo Korogwe haikosekani, kiwashwe na kuzimwa hadi kifuke moshi, mbali na majani makavu, na wanafunzi watazame moshi unaelekea wapi. Ukipanda taratibu na kutoka chini ya paa, hewa inazunguka. Ukining'inia, hewa imekufa. Ukimpiga ndama moja kwa moja kwa kasi, hapo kuna upepo unaompokonya joto la mwili. Mwalimu anaweza kufundisha juma zima kwa karatasi na kamba hizo.

Katika tambarare, kuanzia Mombo hadi mjini Korogwe, na katika sehemu kubwa ya Handeni, banda la ndama linatakiwa liwe wazi: paa zuri, ukuta mfupi wa mabanzi upande wa upepo wa mvua, na sakafu kavu. Sakafu ya mbao zenye mianya, iliyoinuliwa kutoka ardhini, inafaa huko kwa kuwa mkojo hupita na hewa hupenya. Lakini wilaya ya Korogwe ina sura mbili. Panda hadi Bungu au Vugiri, katika milima ya Usambara, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ambako ukungu hulala asubuhi nzima mnamo Juni na Julai. Sakafu ileile ya mianya, isiyo na matandiko, humpulizia ndama wa wiki moja baridi tumboni usiku kucha. Huko anahitaji majani makavu mengi kiasi cha kuzamisha miguu yake anapolala, yabadilishwe kila yakilowa, na ukuta wa upande wa upepo ufike kimo cha mgongo wake, huku sehemu ya juu ikibaki wazi. Mchoro mmoja uliotolewa ofisini kwa ajili ya wilaya nzima hauwezi kuwa sahihi katika mahali pote pawili.

Waparakuyo na Wamasai kwa desturi huwalaza ndama wachanga ndani ya nyumba. Wako waliolicheka jambo hilo. Ndama huyo hulala pakavu, hafikiwi na upepo wala fisi, na hunyonya dang'a kutoka kwa mama yake bila kungoja ratiba ya mtu. Kwa hayo matatu amemshinda ndama wengi wa mabanda ya matofali. Kasoro yake ni moshi wa jikoni, ambao huumiza mapafu ya ndama kama unavyoumiza ya mama anayepika. Na dawa ya moshi ni tundu la kuutolea nje.

Mengine yapitiwe kwa haraka. Ndama wa umri mbalimbali wasichanganywe katika chumba kimoja, kwani wakubwa huwapumulia wadogo vijidudu walivyokwisha kuvizoea. Katika malisho ya mlimani yenye unyevu kuna minyoo ya mapafu, nayo huleta kikohozi kisichosikia antibiotiki yoyote. Vilevile ile desturi ya kumwinua ndama kichwa na kummiminia dawa kwa chupa ikomeshwe au ifanywe kwa uangalifu mkubwa. Kichwa kikiinuliwa mno, dawa au maziwa huteremka katika bomba la hewa, na kichomi kinachofuata kimeletwa na mkono wa mwenye ndama.

Na sindano? Haikataliwi. Ndama aliyepatwa na kichomi anahitaji tiba, tena upesi. Anayehema zaidi ya mara 40 kwa dakika akiwa amepumzika katika ubaridi wa asubuhi (kwa maana mchana wa Korogwe hata mzima huhema) na mwenye joto la mwili la zaidi ya nyuzi 39.5 aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo, na dawa atakayoandikiwa imalizwe. Kinachokataliwa ni sindano moja ya kubahatisha, nusu ya kipimo, inayorudiwa kwa kila kikohozi katika kila nyumba. Kwa njia hiyo bakteria hufunzwa kuistahimili dawa, na siku itakapohitajika kwa kweli, pengine kwa mtoto wa nyumba hiyohiyo, itakuta adui amekwisha kuizoea. Maduka yanayouza antibiotiki kama yanavyouza chumvi yana sehemu ya lawama, na wenye mamlaka ya kuyakagua wana sehemu yao.

Limebaki lile daftari. "Kichomi" iliyoandikwa bila mtu kulitazama pafu ni uvumi uliotiwa wino. Ndama anapokufa, na hana damu nyeusi inayomtoka puani au nyuma, ambayo ni dalili ya kimeta na mzoga wake haupasuliwi kamwe, afisa mifugo aombwe afungue kifua. Sehemu za mbele na chini za mapafu zikiwa nyekundu iliyoiva na ngumu kama ini, hicho ni kichomi, na maswali yaelekezwe kwenye dang'a na banda. Mapafu yakiwa makubwa, mazito, yanayochuruzika maji, na bomba la hewa limejaa povu, hiyo ni ndigana kali, na maswali yaelekezwe kwa kupe na josho. Pafu la upande mmoja likiwa na michirizi kama ya marumaru, na kifua kimejaa maji ya manjano, hilo si la mfugaji peke yake tena: taarifa ipelekwe wilayani siku hiyohiyo. Sampuli zaweza kupelekwa katika kituo cha maabara ya mifugo kilichopo Tanga, mji ambao kwa lori la maziwa haufiki nusu siku kutoka Korogwe. Katika daftari la shule, safu ya "sababu ya kifo" iachwe tupu mpaka kifua kiwe kimefunguliwa, na kando yake iongezwe safu nyingine ndogo: saa ndama alipozaliwa, na saa aliponyonya kwa mara ya kwanza.